Tilman: Mlowezi aliyevuka Afrika kwa baiskeli ya Sh120

Asubuhi isiyo na mawingu, anayesimama Giakanja, eneo la Tetu katika Kaunti ya Nyeri, huuona Mlima Kenya upande wa mashariki huku ameipa kisogo milima ya Nyandarua. Vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria kando ya barabara wameuzoea mno mlima huo hata hawaugeukii. Ni wachache miongoni mwao, na miongoni mwetu sote, wanaofahamu kwamba mlima huu ndio uliowaunganisha Waingereza wawili waliokuja nchini kulima kahawa, na kwamba mmoja wao aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1933 akiwa juu ya baiskeli, akavuka bara zima hadi Bahari ya Atlantiki.

Huyo ni Harold William Tilman, ambaye wakweaji milima na mabaharia wa nchi nyingi humtaja kwa heshima hadi leo, ingawa hapa alikoanzia maisha ya utu uzima jina lake limesahaulika.

Tilman alizaliwa Februari 14, 1898, Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka mji wa bandari wa Liverpool, ambako babake alikuwa mfanyabiashara wa sukari. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta shuleni. Akaingia jeshini kama afisa wa mizinga, akajeruhiwa, na akatunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili akiwa bado kijana mdogo. Vita vilipokwisha hakutaka kukaa ofisini. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa mashamba ya Kenya kwa wanajeshi wake wa zamani, mengine kwa bahati nasibu, naye Tilman akapata kipande cha msitu huko Sotik, katika nchi ya Wakipsigis.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Katika vita hivyo hivyo, wanaume wa Nyeri na kwingineko walikusanywa kwa nguvu wakawabebee Waingereza mizigo hadi Tanganyika, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika hawakurudi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi hicho. Waliorudi hai hawakuingizwa katika bahati nasibu yoyote ya mashamba. Tilman hakuitunga sera hiyo, lakini aliishi kwa matunda yake kwa zaidi ya miaka 10, akafyeka msitu na kupanda kahawa kwa mikono ya vibarua.

Aliyekuja kumtoa shambani alikuwa Eric Shipton, aliyezaliwa Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka siku hizi, mwaka 1907. Shipton alifika Kenya mwaka 1928 na kuanza kujifunza kilimo cha kahawa Nyeri, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Kila siku mlima ulikuwa mbele ya macho yake. Januari 1929, yeye na Percy Wyn-Harris, aliyekuwa afisa wa utawala wa kikoloni, waliukwea. Kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kilikuwa kimefikiwa na Halford Mackinder na wenzake wawili mwaka 1899, na kwa miaka 30 hakuna aliyejulikana kurudi pale. Nelion, chenye mita 5,188, kilikuwa hakijafikiwa na mkweaji yeyote anayejulikana. Shipton na Wyn-Harris walisimama juu ya vyote viwili.

Tilman alipata habari za kijana huyo, akamwandikia barua kumwomba waende mlimani pamoja. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 32 na hakuwa na ujuzi wa kutajika wa kukwea miamba. Mwaka 1930 wakaanzia Kilimanjaro, ambako waliikwea Mawenzi, kisha miezi michache baadaye wakaja Mlima Kenya.

Walichokifanya hapo bado kinawashangaza wanaoujua mlima. Waliamua kupanda Batian kwa ukingo wa magharibi, njia ndefu ya mawe na barafu ambayo hakuna aliyewahi kuipita, wakashukia upande wa pili kwa njia ya Shipton ya mwaka uliotangulia. Ukungu na theluji viliwakuta juu, na giza likawaingia kabla hawajafika chini. Hawakuwa na redio wala kikosi cha uokoaji cha kutegemea, ila kamba moja na imani ya kila mmoja kwa mwenzake. Siku chache baadaye, kwenye kilele kidogo kinachoitwa Midget, Tilman aliteleza, akagonga kichwa na kupoteza fahamu. Shipton, aliyeshika kamba upande wa juu, akamteremsha hatua kwa hatua. Baada ya ajali hiyo mtu mwingine angerudi kwenye kahawa yake, lakini Januari 1932 wawili hao walikuwa Ruwenzori, katika mvua na matope, wakikifikia kilele cha Margherita.

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na ulikuwa urafiki wa ajabu kidogo. Tilman alikuwa mtu asiyependa maneno mengi. Husimuliwa kwamba baada ya miaka mingi ya kulala hema moja, Shipton alimwomba aache kumwita kwa jina la ukoo na badala yake amwite Eric. Tilman alikataa, kwa kuwa kwake jambo hilo lilionekana la kipuuzi. Kwetu, ambako marika huitana kwa majina ya utani hadi uzeeni, ni vigumu kuuelewa urafiki wa namna hiyo. Hata hivyo, kila mmoja aliwahi kuyaweka maisha yake mikononi mwa mwenzake.

Mambo ya shamba hayakuendelea kumvutia. Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka ulimwenguni, na Tilman, kama walowezi wengine, akakimbilia Kakamega kutafuta dhahabu. Hakutajirika. Mwaka 1933 akaamua kurudi kwao. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda treni hadi Mombasa, kisha meli. Yeye alifika Kampala akanunua baiskeli kwa pauni 6, yaani shilingi 120 za wakati ule, akaelekea magharibi.

Alikwenda peke yake. Mwaka huo Shipton alikuwa Himalaya, katika msafara wa Waingereza wa kujaribu kuukwea Everest. Tilman hakuwa na gari la kumfuata wala msururu wa wapagazi. Alibeba vitu vichache kwenye baiskeli, akala kile kilichopatikana vijijini, hasa ndizi, na usiku akatafuta pa kulala palipokuwa karibu. Kutoka Uganda aliingia Kongo ya Wabelgiji, ambako kwa sehemu kubwa ya mashariki Kiswahili kingali kinasikika, kisha akapita katika makoloni ya Wafaransa, na baada ya siku 56 akafika Kribi, mji wa pwani ya Kamerun. Umbali wake ulikuwa kama kilomita 4,800. Anayetaka kuupima kwa akili na afikirie safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, airudie mara kumi, na kila siku apige kanyagio kilomita zisizopungua 80, kwenye barabara za udongo katika misitu ya ikweta. Huko Kribi akapata meli ya kumpeleka Uingereza.

Safari hiyo aliisimulia katika kitabu kinachoitwa Snow on the Equator, kilichochapishwa mwaka 1937. Wanaoandika habari zake huisifu kwa ujasiri na unyenyekevu wake, nao wana haki. Mtu aliyekuwa afisa wa jeshi na mmiliki wa shamba alikubali kuingia vijijini bila bunduki za msafara, akitegemea ukarimu wa wenyeji, na wenyeji hao hawakumwangusha. Bila ndizi zao na paa za nyumba zao safari ile isingemaliza wiki mbili.

Lakini kuna upande ambao wasifu wake hauugusi, na ambao msomaji wa Giakanja hawezi kuuruka. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi nchini Kenya alilazimika kubeba kipande, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, chenye alama za vidole vyake na saini ya mwajiri. Kuacha kazi bila saini hiyo lilikuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Kijana wa Tetu aliyetamani kuona dunia hangeweza kutoka shamba la mzungu na kwenda atakako, sembuse kuvuka mipaka ya makoloni manne. Hata baiskeli yenyewe haikuwa rahisi kuipata, maana kibarua wa shambani hakufikisha shilingi 20 kwa mwezi, na shilingi 120 zilikuwa zaidi ya mshahara wa nusu mwaka.

Waafrika waliosafiri kwa magurudumu mawili walikuwapo, ila safari zao zilikuwa na shughuli nyingine. Mwaka 1928, Shipton alipokuwa akiwasili Nyeri, Jomo Kenyatta, katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association, alikuwa akizunguka kwa pikipiki katika nchi ya Wakikuyu, Embu na Meru, akifungua matawi ya chama. Mlima aliouzunguka ni ule ule, na suala lililompeleka barabarani lilikuwa ardhi, ile ile iliyogawiwa kina Tilman.

Kuhusu majina pia kuna la kusema. Mwaka 1934 Tilman na Shipton walipopenya bonde la Nanda Devi nchini India, walikuwa na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, na majina hayo yameandikwa na kukumbukwa. Leo wageni wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hulala kwenye kambi iliyopewa jina la Shipton. Waliowabebea mizigo hapa mwaka 1929 na 1930, wengi wao wakitembea miguu mitupu hadi penye baridi kali, hawana jiwe wala kambi inayowataja.

Maisha ya Tilman baada ya hapo yalikuwa makubwa kuliko yale ya Kenya. Agosti 29, 1936, yeye na Noel Odell walisimama juu ya Nanda Devi, mita 7,816, na hadi mwaka 1950 hakuna kilele kirefu kuliko hicho kilichokuwa kimefikiwa. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest. Katika Vita Vikuu vya Pili aliteremshwa kwa mwavuli Albania na kaskazini mwa Italia kupigana bega kwa bega na wapiganaji wa msituni, na mji wa Belluno ukampa heshima ya kuwa raia wake.

Alipoona milima mirefu imemshinda kwa umri, aligeukia bahari. Mwaka 1954 alinunua mashua ya tanga iliyoitwa Mischief, iliyoundwa mwaka 1906, akajifunza ubaharia akiwa amepita miaka 50. Kati ya 1957 na 1958 mashua hiyo iliizunguka Afrika, ikapanda na Bahari ya Hindi hadi mfereji wa Suez. Bara alilolikata katikati kwa baiskeli sasa alikuwa amelizunguka kwa upepo. Mischief ilizama mwaka 1968, akanunua nyingine, ikazama pia mwaka 1972, akanunua ya tatu. Hakuoa.

Shipton alifariki Machi 1977. Miezi michache baadaye Tilman, akiwa na umri wa miaka 79, alikubali mwaliko wa vijana waliokuwa wakienda kisiwa cha Smith karibu na Antaktika kwa meli iliyoitwa En Avant. Waling'oa nanga Rio de Janeiro, Brazil, Novemba 1, 1977, wakielekea visiwa vya Falkland. Meli haikufika, wala hakuna aliyekuwamo aliyeonekana tena.