Jayaprakash Narayan: Aliyekikimbia Kiti



Wazee wetu husema ukubwa ni jaa, kila mwenye taka huja kutupa hapo. Wanasiasa wa zama zetu hawalioni hilo jaa, wanakiona kiti tu. Leo nakuletea habari za mtu wa India aliyefunguliwa milango ya madaraka zaidi ya mara moja na asiingie. Ni Jayaprakash Narayan, ambaye Wahindi walimwita JP.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1902 katika kijiji cha Sitab Diara, jimbo la Bihar. Mwaka 1920 alimuoa Prabhavati, na miaka miwili baadaye akasafiri kwenda Marekani kusoma. Hakuwa na mfadhili. Alichuma zabibu mashambani na kuosha vyombo mikahawani ili apate karo. Alirudi 1929 akiwa ameshika fikra za Karl Marx. Mkewe naye, aliyekuwa akiishi kwa Gandhi, alikuwa ameweka nadhiri ya kujitenga na mambo ya unyumba. JP aliiheshimu nadhiri hiyo, wakaishi pamoja hadi uzeeni bila mtoto.

Nehru alimuingiza katika chama cha Congress, na JP akawa fundi wa mipango. Mwaka 1934 yeye na wenzake walianzisha kundi la wasoshalisti ndani ya chama hicho. Waingereza walimfunga mara kadhaa. Usiku wa sikukuu ya Diwali mwaka 1942, yeye na wenzake watano waliruka ukuta wa gereza la Hazaribagh kwa kamba ya shuka zilizofungwa pamoja. Alikwenda Nepal kuwafundisha vijana vita vya msituni. Alinaswa 1943, akateswa katika ngome ya Lahore, akaachiliwa 1946.

Uhuru ulipokuja, marafiki zake wakawa mawaziri. Yeye alitoka Congress 1948 pamoja na wasoshalisti wenzake. Mwaka 1953 Nehru alimwita wafanye kazi pamoja, wasielewane. Mwaka uliofuata JP alitoa maisha yake kwa harakati ya Vinoba Bhave, ya kutembea kwa miguu vijijini kuwaomba wenye mashamba wawape ardhi wasio nayo. Mwaka 1957 aliachana kabisa na siasa za vyama.

Tuseme kweli, harakati hiyo haikutimiza yote. Sehemu kubwa ya ardhi iliyotolewa ilikuwa mibovu au yenye kesi, na nyingine haikuwafikia maskini kamwe. Lakini JP alipata imani ya watu. Mwaka 1972 mamia ya majambazi wa bonde la Chambal walikuja kuweka silaha chini kwa sababu waliamini ahadi yake.

Hata huku kwetu mkono wake ulifika. Mwaka 1962 alikuwa mmoja wa wenyeviti watatu wa kikosi cha amani cha kimataifa kilichoweka kituo Dar es Salaam, kumuunga mkono Kenneth Kaunda katika kudai uhuru wa Zambia.

Mwaka 1974 wanafunzi wa Bihar, waliochoshwa na ufisadi na bei za vyakula, walimfuata awaongoze. Alikuwa mgonjwa, na mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Alikubali kwa sharti la kutotumia nguvu. Aliyekabiliana naye ni Indira Gandhi, binti ya rafiki yake Nehru, ambaye mama yake alikuwa shoga wa Prabhavati. Juni 1975 mahakama ilibatilisha ubunge wa Indira. Usiku wa tarehe 25, baada ya JP kuhutubia umati mjini Delhi, hali ya hatari ikatangazwa. Alikamatwa kabla ya alfajiri. Aliachiliwa Novemba figo zikiwa zimeharibika, na tangu hapo akaishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Machi 1977 Wahindi walipiga kura. Vyama vilivyoungana kwa jina la Janata vikaiondoa Congress madarakani kwa mara ya kwanza. JP aliwapeleka wabunge wapya kula kiapo penye kumbukumbu ya Gandhi, akasaidia kumchagua Morarji Desai awe waziri mkuu, kisha akarudi nyumbani Patna. Hakutaka hata uwaziri.

Aliowaachia kiti wakaanza kukigombania. Machi 1979 waziri mkuu alilitangazia bunge kuwa JP amekufa, kumbe yu hai hospitalini. Julai serikali ikaanguka kwa ugomvi wao wenyewe. JP alifariki tarehe 8 Oktoba 1979, na Januari iliyofuata Indira akarudi madarakani kwa kura.

Hapa ndipo pa kutafakari, ndugu yangu. Kukataa kiti kulimpa JP sauti ambayo hakuna waziri aliyekuwa nayo, lakini hakukumpa mkono wa kuwazuia waliokikalia. Kiapo kilikuwa chao, na tamaa ilikuwa yao. Nasi hupenda kumtafuta mzee mmoja mwadilifu, tukamtwika mzigo wote, halafu tukalala siku ya pili ya uchaguzi. Uadilifu wa mtu mmoja hauwezi kulinda nyumba ambayo wenyewe wamelala.