Nabongo Mumia: Mfalme Aliyewapokea Wageni

Mtu wa mwambao akisikia jina la Mumias, jambo la kwanza linalomjia ni sukari. Lakini kabla hata muwa mmoja wa kiwanda kupandwa huko, babu zetu wa Mombasa na Pangani walikwisha ijua njia ya kwenda. Mahali penyewe walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, Nabongo wa Wawanga.

Shiundu alipofariki, yapata mwaka 1882, kiti kilimwangukia mwanawe Mumia. Ufalme aliourithi ulikuwa mdogo, umezungukwa na majirani wenye nguvu, wakiwemo Wabukusu upande wa kaskazini. Misafara ya Waswahili ilikuja kutafuta pembe za ndovu, na tusifiche, wamo waliotafuta watu pia. Mumia aliwapa chakula na mahali pa kupumzika. Wao walikuwa na bunduki. Kila upande uliona faida yake.

Mwaka 1883 akapita Joseph Thomson, Mzungu mpelelezi. Mwaka 1885 akapita Askofu Hannington, aliyeuawa mbele huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mumia aliwapokea wote kama alivyowapokea Waswahili. Kwake mgeni alikuwa mgeni, na huenda alidhani hawa nao watapita tu.

Hawakupita. Miaka michache baadaye Waingereza walijenga boma pale pale Mumias, na C. W. Hobley akawa mkubwa wake. Mwaka 1895 majeshi yake ya Wanubi na Waganda, pamoja na wapiganaji wa Kiwanga, yaliwaendea Wabukusu. Kisa kilikuwa bunduki za askari watoro zilizoingia mikononi mwa Wabukusu, ambao walikataa kuzirudisha. Ngome za Lumboka na Chetambe zikavunjwa kwa mzinga wa risasi, watu wengi wakafa na mifugo ikachukuliwa.

Malipo ya Mumia yalikuwa makubwa. Mwaka 1909 serikali ilimtawaza kuwa chifu mkuu wa nchi yote ile, juu ya makabila ambayo hayakuwahi kumtii yeye wala baba yake. Ndugu zake wakagawiwa nchi za wenzao: Mulama akapewa Marama, na Murunga baadaye akawatawala Wabukusu wa Kimilili. Hapo ndipo penye shina la chuki. Mtu aliyezoea kuamuliwa na wazee wa ukoo wake aliamka siku moja akaambiwa atoe kodi na kazi ya barabara kwa amri ya mtu wa Wanga, na hana pa kushitaki, kwani aliyemweka chifu ndiye hakimu.

Jambo la kufurahisha sisi wa Pwani ni kwamba dini haikuletwa Mumias kwa upanga. Ilikaa na wafanya biashara, wakasali, wakaoa, wakafunza watoto. Nabongo mwenyewe na ndugu zake wakasilimu, kanzu na kofia vikawa vazi la baraza, na Mumias ukawa mji mkuu wa Uislamu katika magharibi ya Kenya mpaka leo.

Nguvu zake, hata hivyo, zilikuwa za kuazima. Mwaka 1920 Waingereza walihamisha makao ya wilaya kwenda Kakamega, na hawakuhitaji tena mlango waliokwisha ingilia. Mwaka 1926 wakamstaafisha. Katika miaka ya 1930 watu waliokuwa chini ya ndugu zake walidai machifu wa damu yao wenyewe, na mmoja mmoja maakida wa Kiwanga wakaondolewa. Mzee akabaki Mumias na heshima ya Wawanga wake tu, ile ile aliyoanza nayo.

Alifariki Aprili 1949, mwenye umri mkubwa sana. Kakamega ndiyo makao ya serikali ya kaunti hivi leo, na Mumias ni mmoja wa miji iliyo chini yake.