Daktari Trowell na mafuta ya ini

Wasikilizaji wetu, kuanzia Makunduchi mpaka Nungwi, hutuuliza kama lehemu ina uhusiano na saratani ya ini. Suala hili lina historia hapa hapa Afrika Mashariki, na ndani yake yumo Dokta Hugh Trowell, Mwingereza aliyezaliwa 1904.

Alifika Kenya 1929, akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1935 kutibu na kufundisha. (Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha skuli ya sanaa ya Makerere.) Mulago aliwakuta watoto wamevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inachubuka. Mwanzo alidhani ni pelagra. Kumbe ni unyafuzi, ambao wengine huuita kwashakoo. Maiti za watoto hao zilipopasuliwa, ini lilionekana limejaa mafuta.

Mtoto amedhoofu hivyo, mafuta yametoka wapi? Ini ndilo kiwanda cha lehemu, na ndilo linalosafirisha mafuta kwenda kwenye damu. Kazi hiyo inataka protini za kubebea mzigo. Mtoto anayelishwa muhogo au ndizi tupu hazipati za kutosha, basi mafuta hukwama. Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1954.

Zama hizo madaktari wengi waliamini kuwa ini lililoharibiwa na lishe duni ndilo linaloishia kwenye saratani. Baadaye ikajulikana kuwa wakosaji wakubwa ni virusi vya homa ya ini B, ambavyo leo vina chanjo, na sumukuvu ya karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Pombe nayo imo.

Lakini mafuta hayajaachiwa huru. Seli ya saratani inapojigawa inataka lehemu ya kujengea utando wake, na seli za saratani ya ini huitengeneza kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu wanazichunguza statini, dawa za kushusha lehemu. Huo bado ni utafiti. Asikuuzie mtu vidonge hivyo dukani akakwambia vinatibu saratani.

Trowell mwenyewe aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa padri kwao. Uzeeni alishirikiana na Denis Burkitt, mwenzake wa tangu Uganda, kueleza faida ya nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, ikiwemo kushusha lehemu. Alifariki 1989.