Mama Mary Martin, Mwanzilishi wa Masista wa Dareda

Katika ukumbusho huu wa Jubilei ya Jimbo letu la Mbulu, si haki kumsahau mwanamke ambaye masista wake walileta utabibu Dareda, chini ya mteremko mkali wa nyanda za juu za Mbulu. Jina lake ni Mary Martin.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1892 huko Glenageary, karibu na Dublin, nchi ya Ayalandi, mtoto wa pili katika watoto 12. Baba yake alikuwa tajiri wa biashara ya mbao. Binti hakukosa kitu ila afya, maana homa ya baridi yabisi iliudhoofisha moyo wake tangu utoto.

Vita Kuu ilipozuka alijitolea kuuguza majeruhi, kwanza Malta mwaka 1915, kisha Ufaransa. Ndugu yake Charlie alikufa katika vita ile. Baadaye alijifunza ukunga, na mwaka 1921 akasafiri pamoja na Agnes Ryan mpaka Calabar, Nigeria, kwa wito wa Askofu Joseph Shanahan. Alitumaini kuuguza; akapewa shule ya wasichana. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, walakini jambo moja halikumtoka moyoni: wanawake walikufa katika uzazi, na wachanga wao pamoja nao.

Hapo palikuwa na kizuizi kikubwa. Kwa kanuni za Kanisa za siku zile, watawa wa kike hawakuruhusiwa kuzalisha. Kanuni hiyo iliwekwa kwa kuuheshimu utawa. Lakini, tuseme kweli, waliolipa gharama yake ni akina mama maskini, wasio na mwingine wa kuwasaidia. Mary akataka shirika la masista watakaokuwa waganga, wauguzi na wakunga pia. Akaingia unovisi wa Killeshandra mwaka 1924, akatoka mwaka 1926, kwa kuwa aliona njia ile haielekei huko. Akaomba kuingia kwa Wakarmeli, akakataliwa. Akaugua sana. Ndugu msomaji, mtu wa miaka zaidi ya arobaini, mgonjwa, asiye na shirika wala ruhusa, nani angemtegemea? Mwaka 1934 akaenda kwa Wabenedikto wa Glenstal na wenzake wachache, wakitunza nyumba huku wakifundishwa maisha ya kitawa.

Ndipo, mwezi wa Februari 1936, Roma ikatoa ruhusa, hata ya kazi ya uzazi. Tarehe 4 Aprili 1937 Mary akaweka nadhiri zake kitandani, hospitalini Port Harcourt, akiwa mgonjwa. Na siku hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Wamisionari Waganga wa Maria, wanaojulikana kwa herufi MMM. Kisha akajenga hospitali Drogheda, kwao Ayalandi.

Katika miaka ya 1940 masista wake wakafika kwetu, ambako Mapadre Wapalotini wa Ayalandi walikuwa wakiongoza misioni. Zamani hizo Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja, na mama mwenye uchungu aliweza kubebwa siku nzima asimwone mganga. Dareda ikawa hospitali, na binti za nchi hii wakafundishwa humo uuguzi.

Mwaka 1963 alipewa Nishani ya Florence Nightingale. Alifariki Drogheda tarehe 27 Januari 1975. Hospitali ya Dareda sasa ni mali ya Jimbo.