BERYL MARKHAM: RUBANI ALIYEANGUSHWA NA TUNDU LA HEWA

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka kuwapa habari za mwanamama mmoja rubani, marehemu siku nyingi, ambaye amenisaidia kutengeneza bodaboda ya kaka yangu hapa Dodoma. Msicheke kwanza, someni mpaka chini.

Anaitwa Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba kule Njoro na alifuga farasi wa mashindano. Mama hakuyaweza maisha ya shamba, akarudi kwao, Beryl akabaki na baba. Basi akakua na watoto wa Kikalenjin, anaongea Kiswahili, anakwenda nao kuwinda. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, ambaye ukubwani akaitwa arap Ruta.

Hapa tusidanganyane. Huyu alikuwa mtoto wa walowezi. Arap Ruta alicheza naye utotoni, halafu akamfanyia kazi miaka mingi, kwanza kwenye farasi, baadaye kwenye ndege. Mmoja akawa rubani maarufu, mwenzake akabaki msaidizi. Ukoloni ndio ulivyokuwa. Nalisema mapema kwa sababu najua kwenye maoni mtaniuliza tu.

Baba akafilisika, akaondoka kwenda Peru. Binti akakataa kumfuata. Akiwa hajafika hata miaka 20 akapata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi ya wanaume watupu wakati ule. Mwaka 1931 akaanza kujifunza urubani Nairobi kwa Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways. Mwaka uliofuata tu, 1932, akarusha kindege chake aina ya Avro Avian peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza! Mwaka 1933 akapata leseni ya urubani wa biashara.

Kazi zenyewe zilikuwa za kila aina. Alibeba abiria na barua, na alitafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji matajiri (hii sisi wa leo hatuwezi kuisifia). Tanganyika pia alifika. Juni 1935 aliruka usiku kutoka Nairobi hadi Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu karibu na Ziwa Victoria, kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mchimbaji aliyekuwa mahututi.

Dodoma yetu nayo haikuwa nyuma. Kuanzia mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za London hadi Cape Town zilikuwa zinapita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Sasa mji wetu uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko Dar. Kabureta yenyewe haijui hilo. Inaendelea kumwaga mafuta kama iko pwani, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa, plagi zinashika masizi, nguvu inapungua. Ndiyo maana ndege ndogo nyingi zina mkono wa kupunguza mafuta, na rubani anaurekebisha kadiri anavyopanda. Hata ndege za leo ambazo watu wanajiundia nyumbani na kuzifunga injekta badala ya kabureta, kazi kubwa ni hiyo hiyo: kila silinda ipate mafuta yanayolingana na hewa yake.

Turudi kwa Beryl. Mwaka 1936 akaamua kufanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya: kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua. Upande huo ni mgumu kwa sababu upepo unakuja usoni. John Carberry, mlowezi mwenzake wa Kenya, akamwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull. Ilikuwa na injini moja tu, ya silinda sita na nguvu za farasi 200. Redio haikuwepo. Ndani wakaongeza matanki ya mafuta ambayo hayakuwa na geji. Kwa hiyo unatumia tanki moja mpaka likauke kabisa, injini inazima, halafu unafungua koki ya tanki linalofuata.

Hebu fikiria, usiku wa manane, chini bahari tupu, halafu injini inazima na wewe unapapasa kutafuta koki gizani! Mwenyewe aliandika kwamba tanki la kwanza lilipokauka aliporomoka mpaka karibu futi 300 juu ya maji ndipo injini ikawaka tena.

Aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Aliruka kwa saa 21 na ushei kwenye mvua, ukungu na baridi kali. Akaiona nchi kavu. Alikuwa amebakiwa na tanki la mwisho, na mafuta bado yalikuwemo, lakini injini ikaanza kukohoa. Inazima, inawaka, inazima tena. Mwisho akatua kwa nguvu kwenye eneo la matope na mawe huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Ndege ikapiga pua chini, yeye akatoka na jeraha la kichwa. New York aliyokuwa anaitafuta hakuifikia kwa ndege ile, ila rekodi alikuwa ameshaiweka, na alipofika New York alipokelewa na umati mkubwa wa watu.

Sababu ya injini kuzima? Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya lile tanki la mwisho. Mafuta yakitoka kwenye tanki lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, mafuta yanagoma kutoka. Toboa kopo la maziwa tundu moja tu uone yanavyotoka kwa kusitasita. Toboa la pili, yanamwagika.

Raha haikukaa. Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Septemba 1936, mwalimu wake Campbell Black alifariki uwanjani Liverpool baada ya ndege nyingine kumgonga akiwa chini, ndani ya ndege yake. Beryl akaishi Marekani, mwaka 1942 akatoa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Wapo wanaosema aliyekiandika ni mume wake wa tatu, na ubishi huo haujaisha. Baadaye akarudi Kenya kwenye farasi wake. Kitabu kilisahaulika mpaka kilipochapwa upya mwaka 1983 na kugombaniwa, wakati yeye ni bibi kizee asiye na kitu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Sasa bodaboda. Pikipiki ya kaka ni ya mkataba, na hesabu ya tajiri haisubiri. Kwa wiki mbili ilikuwa inamzimikia njia ya Bahi. Ukiiacha dakika kumi inawaka, ukienda kilomita kadhaa inazima tena. Fundi mmoja akasema kabureta imekufa. Tukakopa, tukanunua mpya, tukafunga. Wapi! Tajiri akaanza kutishia kuichukua.

Siku niliyosoma habari za Beryl hapa kafe nilirudi nyumbani mbio. Tukaiendesha mpaka ikazima, nikafungua kifuniko cha tanki. Ikapiga fyuuu, hewa inaingia. Ikawaka hapo hapo! Kumbe kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimezibwa na vumbi letu la Dodoma lililogandamana na mafuta. Nikakizibua kwa sindano. Mpaka leo haijazima tena, ila deni la kabureta tunaendelea kulilipa.

Kwa hiyo wadau, chombo kikizima huku mafuta yapo, angalieni hewa kabla ya kufungua pochi. Na mafundi mliomo humu, kama nimekosea mahali nirekebisheni kwenye maoni. Muda wangu wa kafe umekwisha. Tupo pamoja!