Justin Fashanu: Alishangiliwa kwa bao lake, akazomewa kwa alivyo

Ukitaja jina Fashanu mbele ya mashabiki wa umri wa wazazi wetu, wengi watakusimulia habari za John, yule straika wa Wimbledon iliyowafunga Liverpool kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Wachache watakumbuka kwamba John alikuwa na kaka yake, Justin, na kwamba Justin ndiye aliyetangulia kung'ara.

Justin Fashanu alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja. Alikuwa pia mwanasoka wa kwanza wa kulipwa nchini humo kusema hadharani, akiwa bado anacheza, kwamba anapenda wanaume wenzake. Alisema hivyo Oktoba 1990. Mei 1998 alikuwa amekwisha kufa, akiwa na miaka 37.

Tunajua jambo hili linagusa imani na sheria, na kwamba wasikilizaji wetu hawana fikra moja juu yake. Makala hii inasimulia maisha ya mtu mmoja, na inawatazama kwa karibu watu waliokaa jukwaani wakimwangalia, yaani mashabiki. Hao ndio waliompandisha, na sauti zao ndizo zilizomfuata hadi mwisho.

Watoto wawili kijijini

Justin alizaliwa Februari 19, 1961, Hackney, mashariki mwa London. Baba yake alikuwa Mnigeria, mtu wa sheria. Mama yake alikuwa nesi kutoka Guyana. Wazazi walipoachana, maisha yakambana mama, na Justin pamoja na mdogo wake John wakapelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto cha Barnardo's.

Justin alipokuwa na miaka sita, ndugu hao walichukuliwa na familia ya kizungu, Bwana na Bibi Jackson, katika kijiji cha Shropham, Norfolk. Ni eneo la wakulima, mbali na kelele za London. Huko wavulana hao wawili weusi walikua pamoja, wakitegemeana.

Justin alikuwa na mwili mkubwa na mikono mizito. Alifanya vizuri kwenye ndondi kiasi kwamba kwa muda alifikiria kuwa bondia wa kulipwa. Lakini klabu ya Norwich City ilikuwa karibu, ikamwona, ikamchukua kama mchezaji chipukizi. Desemba 1978 alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na Januari 13, 1979 akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza, dhidi ya West Bromwich Albion. Hakuwa hata amefikisha miaka 18.

Bao lililomtangaza

Februari 9, 1980, Norwich waliwakaribisha Liverpool uwanja wa Carrow Road. Liverpool ya wakati ule ilikuwa ndiyo bingwa wa Uingereza. Justin alipokea mpira nje ya eneo la hatari, akiwa amelipa goli mgongo. Kwa mguu wa kulia akauinua kidogo, akageuka, na kabla haujagusa chini akaupiga kwa mguu wa kushoto. Kipa alichelewa. Justin hakukimbia wala kupiga kelele. Aliinua kidole kimoja tu juu.

Norwich walifungwa mechi ile 5-3, lakini watu walirudi nyumbani wakizungumzia bao moja. BBC walilichagua kuwa bao bora la msimu. Kijana wa miaka 18 akawa anajulikana nchi nzima.

Tukumbuke enzi zenyewe. Wachezaji weusi walikuwa wachache Uingereza, na katika viwanja vingi walirushiwa ndizi na kuigiziwa sauti za nyani. Mtu aliweza kushangiliwa na mashabiki wake upande huu wa uwanja, huku upande wa pili wakimtukana kwa rangi yake. Justin aliyazoea hayo mapema. Kwenye ligi aliifungia Norwich mabao 35 katika mechi 90, na akaitwa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 21.

Pauni milioni moja

Agosti 1981 Nottingham Forest walimnunua kwa pauni milioni moja. Hawakuwa timu ndogo. Walikuwa wametoka kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980, chini ya kocha Brian Clough. Justin aliletwa kuziba pengo la Trevor Francis.

Mambo hayakwenda. Katika mechi 32 za ligi alifunga mabao matatu tu. Bei ikawa mzigo, na kila mpira alioukosa ulihesabiwa kwa pauni. Wakati huohuo Clough alisikia kwamba straika wake anaonekana kwenye kumbi za starehe za wapenzi wa jinsia moja. Kocha huyo hakulipeleka jambo taratibu. Alimwita, akamhoji kwa dharau, kisha akampiga marufuku kufanya mazoezi na wenzake. Justin alipofika mazoezini hata hivyo, Clough aliita polisi wamtoe. Miaka mingi baadaye Clough mwenyewe aliyaandika mengi ya hayo katika kitabu cha maisha yake.

Ni katika miaka hiyo ya Nottingham ambapo Justin aliokoka. Imani yake haikuwa ya kujionyesha, aliisema waziwazi na aliishika kwa miaka. Lakini ilimweka katikati ya mambo mawili ambayo hakuweza kuyapatanisha wala kuliacha mojawapo: imani aliyoipenda na hali aliyoijua ndani yake.

Mwaka 1982 alicheza kwa mkopo Southampton, kisha akauzwa Notts County, majirani wa Forest, kwa pauni 150,000. Pale alirudisha heshima kidogo kwa kufunga mabao 20. Mwaka 1985 alihamia Brighton, na huko goti likamharibikia. Alikwenda Marekani kufanyiwa upasuaji, akacheza huko na Canada, na mwaka 1989 akarudi Uingereza akitafuta timu. Alipita Manchester City, West Ham na Leyton Orient bila kukaa popote.

Oktoba 1990

Uvumi ulikuwa umemwandama karibu miaka kumi. Oktoba 22, 1990, Justin aliamua kuumaliza mwenyewe. Alikubali kuhojiwa na gazeti la The Sun, ambalo wakati ule lilikuwa mbele katika kuwadhihaki watu wa aina yake, na habari yake ikawekwa ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba akilisema mwenyewe, tena katika gazeti baya kuliko yote, na akabaki imara, wengine hawatakuwa na la kuongeza.

Hesabu ile haikutoka. Gazeti liliendeleza habari hizo siku hadi siku. Mdogo wake John, ambaye alijaribu kumzuia kwa kumpa fedha ili anyamaze, alimkana hadharani. The Voice, gazeti la watu weusi wa Uingereza, nalo lilimshambulia. Kwa hiyo mtu aliyetukanwa na wazungu kwa weusi wake sasa alionekana na baadhi ya weusi wenzake kuwa amewaaibisha. John alikuja kusema miaka ya baadaye kwamba anajuta alivyomtendea kaka yake. Wakati huo Justin hakuwepo kusikia.

Kwa upande wa wachezaji, Justin alisema wengi walimpokea, ingawa mizaha ya kuumiza haikuisha chumba cha kubadilishia nguo. Jukwaani ndiko kulikuwa kugumu. Kila alipogusa mpira, mashabiki wa timu pinzani walimwimbia matusi. Maneno yaleyale yalimfuata kila Jumamosi, kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Klabu moja ilimpa kazi ya kudumu. Torquay United, timu ya mji wa pwani kusini magharibi mwa England, ilimsajili mwaka 1991. Alicheza, alifunga, na baadaye akapewa pia kazi ya msaidizi wa kocha. Aliomba ukocha mkuu, hakuupata, akaondoka mwaka 1993.

Miaka ya mwisho

Tusimfanye malaika. Justin alipenda kamera, na alikuwa akiuza habari kwa magazeti. Akiwa Hearts ya Scotland, mwaka 1994, alijaribu kuuza hadithi kuhusu uhusiano wake na wanasiasa wakubwa, akaja kukiri kuwa si za kweli. Hearts walimfukuza. Baada ya hapo aliendelea kuhamahama, hadi New Zealand na Marekani.

Mwaka 1998 alikuwa Maryland, Marekani, akifundisha timu mpya. Machi mwaka huo kijana wa miaka 17 alimtuhumu kwa kumfanyia shambulio la kingono. Polisi walimhoji na mashtaka yakafunguliwa, lakini Justin alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Uingereza. Katika barua aliyoiacha alikana kosa, akasema walikubaliana, na kwamba anaona amekwisha kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Wakati huo sheria za Maryland bado zilikataza mapenzi ya jinsia moja hata kwa watu wazima.

Kesi hiyo haikufika mahakamani. Mwanzoni mwa Mei 1998, Justin alikutwa amefariki mashariki mwa London, si mbali na mahali alipozaliwa. Alikuwa amejitoa uhai. Yule kijana hakupata siku ya kusikilizwa, na Justin hakupata siku ya kujitetea.

Mashabiki wanasema nini, na wanapiga kelele gani

Baada ya mwaka 1990, mashabiki wa Uingereza walikaa miaka 32 bila kuona mwanaume mwingine wa soka la kulipwa nchini mwao akisema alichosema Justin huku bado anacheza. Wapo waliosubiri hadi wastaafu, kama Mjerumani Thomas Hitzlsperger mwaka 2014. Kwenye soka la wanawake hali ni tofauti, kwani wachezaji wengi wakubwa wamejitokeza na mashabiki wao wameendelea kuwashangilia.

Mwaka 2012 watafiti Ellis Cashmore na Jamie Cleland walichapisha matokeo ya maoni ya mashabiki zaidi ya 3,000, waliojibu bila kutaja majina. Asilimia 93 walisema chuki dhidi ya wachezaji wa jinsi hiyo haina nafasi kwenye soka.

Ukisikia hivyo utauliza: kama karibu wote hawana shida, kwa nini wachezaji walinyamaza? Tupige hesabu. Uwanja ukiingiza watu 30,000, asilimia saba iliyobaki ni watu 2,100. Watu 2,100 wakiimba tusi moja kwa pamoja, mchezaji aliye katikati ya uwanja hasikii kingine. Wale 27,900 wengine wapo, lakini wamekaa kimya. Yeye kutoka pale chini hana namna ya kujua kwamba ukimya wao ni wa kumwunga mkono.

Hicho ndicho kinachotusumbua tunapoyasoma maisha ya Justin. Waliomtukana walijulikana. Lakini kulikuwa pia na wenzake walioona mizaha imezidi wakacheka, na mashabiki walioona aibu wakaangalia pembeni. Bila shaka wapo walioumia kwa ajili yake. Sauti zao hazikumfikia.

Kilichobadilika

Oktoba 2021, Josh Cavallo wa Adelaide United, Australia, alijitokeza. Miezi michache baadaye alitukanwa na baadhi ya mashabiki wa Melbourne Victory, na klabu hiyo ikapigwa faini. Januari 2022, waendesha mashtaka wa Uingereza walitamka kwamba wimbo mmoja wa matusi ya aina hii, ambao Chelsea wameimbiwa kwa miaka mingi, unaweza kumpeleka mtu mahakamani. Mei mwaka huohuo Jake Daniels wa Blackpool, akiwa na miaka 17, akawa wa kwanza kujitokeza katika soka la kulipwa la Uingereza tangu Justin. Safari hii klabu yake ilisimama naye, na pongezi zilitoka kwa viongozi na wachezaji wakubwa.

Justin mwenyewe aliingizwa mwaka 2020 kwenye orodha ya heshima ya Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza. Binti ya John, Amal, alitengeneza kipindi cha BBC mwaka 2012 kuhusu baba yake mkubwa, na alimwuliza baba yake maswali magumu mbele ya kamera. Norwich nao wana kundi rasmi la mashabiki wa mapenzi ya jinsia moja tangu mwaka 2013. Bao la Februari 1980 bado linaonyeshwa, na ukiwa na simu yenye intaneti unaweza kulitafuta ukajionea.

Wewe msikilizaji unayekaa uwanja wa kijijini Jumapili, au unayebanana na wenzako kibandani kuangalia ligi ya Uingereza, unajua jinsi tusi linavyoanza na mtu mmoja na kuenea. Unajua pia kwamba mara nyingi linakufa pale mzee mmoja au rafiki mmoja anapogeuka na kusema, jamani, hilo hapana.

Na kama wewe au mtu wa karibu yako amelemewa hadi anawaza kujidhuru, kwa sababu yoyote ile, usikae nalo peke yako. Mwambie unayemwamini, au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.