Krapf na Njia ya Kitui

Kila likizo mabasi ya shule hupita Changamwe yakielekea Tsavo, wanafunzi wamebeba mahema na sufuria. Walimu wenzangu, wapelekeni kwanza Nyali, upande wa Kisauni, lilipo kaburi la Rosina Krapf. Alifariki Julai 1844 baada ya kujifungua. Mtoto naye akamfuata. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa Kijerumani, hakuondoka. Alijifunza Kiswahili, na kamusi yake ilichapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Nyika iliyofanywa mbuga ya Tsavo mwaka 1948 aliivuka kwa miguu. Tarehe 3 Disemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya. Husemwa kwamba aliugundua. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, neno hilo nalikataa: habari za mlima alipewa na Kivoi, na jina alilipokea kwa Wakamba. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf aliponea chupuchupu, akatangatanga peke yake porini akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Alirejea Ulaya 1853, afya imedhoofika.